Usiioshe Hela ya Bibi

Hela ya kwanza niliyoiharibu ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba. Alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga, fundo dogo gumu kama kokwa ya ukwaju, na siku aliponipa aliniambia neno moja tu: itunze. Nilikuwa darasa la tano. Nikaiona imepiga weusi, haina sura ya zawadi. Nikachukua nusu ya ndimu na majivu ya jikoni, nikaketi chini ya mwembe, nikaisugua mpaka ikang'aa kama bangili ya bi harusi. Bibi alipoiona alinyamaza muda mrefu, kisha akanirudishia kiganjani.

Ninayo hadi leo. Ni ya shaba ya manjano. Upande mmoja una taji, herufi D.O.A., mwaka 1916, na chini yake herufi T. Upande wa pili una namba 20 na neno HELLER likizungukwa na matawi. Majani ya matawi yale sasa hayahesabiki, maana asidi ya ndimu imeyala, na mng'ao nilioufurahia utotoni ndio unaomfanya kila mjuzi anayeishika aiweke chini haraka. Weusi ule nilioudhani uchafu ulikuwa ngozi ya sarafu, iliyoota kwa miaka zaidi ya hamsini ili kuilinda. Ukishauondoa haurudi katika umri wako.

T ile ni Tabora. Hapa Puge tuko karibu katikati ya barabara ya Tabora na Nzega, na watu wengi wa huku wanaopitia stesheni ya reli ya Tabora hawajui kwamba kwenye karakana za reli ile palipigwa pesa. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, sarafu kutoka Ujerumani haziingii, na serikali ya Gavana Schnee ilikuwa imehamia bara, Tabora. Mafundi wa reli wakayeyusha mabaki ya shaba, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga, wakapiga hela 5 na hela 20. Kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, upande wa Iramba, wakapiga sarafu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima. Za dhahabu zilipigwa takribani 16,000. Hela 20 zilizidi milioni. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Tabora, na kazi ile ikawa imekwisha.

Na ukiuliza neno "hela" tunalolitumia kila siku sokoni limetoka wapi, jibu liko kwenye sarafu yenyewe. Mjerumani aliandika Heller, sisi tukaitamka tulivyoitamka, naye akaondoka, neno likabaki.

Nimeyakumbuka haya yote kwa sababu ya noti ya Kifaransa. Kijana mmoja fundi pikipiki hapa kijijini alinijia asubuhi moja, akaniamkia vizuri, shikamoo babu, akatoa kwenye pochi noti ya rangi ya buluu iliyofungwa kwenye nailoni. Faranga 50. Ina sura ya mwandishi Antoine de Saint-Exupéry, yule rubani, na pembeni yupo yule mwana mdogo wa mfalme aliyemtungia hadithi. Kijana aliinunua kwa bei ya mbuzi. Aliyemuuzia alimwambia benki yoyote itampa yuro. Ikanibidi nimwambie ukweli: Ufaransa iliacha faranga ilipoanza kutumia noti za yuro mwaka 2002, na mlango wa kubadilisha noti za faranga ulifungwa tarehe 17 Februari 2012. Hakuna benki duniani itakayompa senti kwa karatasi ile.

Uso ulimshuka. Lakini sikumwambia aitupe, na wewe ukiwa nayo usiitupe. Wafaransa walikuwa na desturi ninayoiheshimu: waliweka waandishi wao kwenye pesa. Victor Hugo alikaa kwenye noti ya faranga 500 katika miaka ya 1950, na faranga mpya zilipokuja akahamia kwenye noti ya 5. Molière alipewa kubwa kuliko zote, faranga mpya 500, mwaka 1959. Kisha wakafuata Voltaire kwenye 10, Racine kwenye 50, Corneille kwenye 100, Pascal kwenye 500, na baadaye Montesquieu kwenye 200. Ukizipanga noti hizo mezani unasoma karne tatu za fasihi yao bila kufungua kitabu. Nyingi si ghali, kwa sababu zilichapwa kwa mamilioni. Hata ile ya kijana wetu ina jambo la kutazama kwa kioo cha kukuzia: matoleo ya kwanza ya noti hiyo yalikosea kuandika jina la mwandishi, yakaweka alama ya mkazo juu ya herufi E ya kwanza ya Exupéry, mahali isipostahili. Baadaye wakasahihisha. Wakusanyaji huzitenganisha hizo mbili, na kijana alipoambiwa hivyo alikaa, akaomba kioo.

Nilimwuliza: umeenda kutafuta waandishi Ufaransa, umeangalia kwanza kwenye kopo la mama yako? Huo ndio ushauri wangu mkubwa kwa yeyote anayetaka kuanza kukusanya pesa za zamani akiwa huku kwetu. Anza na pesa iliyopita kwenye njia yako. Utaijua kuliko mgeni, utaipata kwa bei ya haki, na kuna watu hai wanaoweza kukueleza ilitumikaje. Noti ya Molière haina mtu Puge wa kukusimulia ilinunua nini.

Na kama ni waandishi unaowataka, tunao. Noti za kwanza za Benki Kuu ya Tanzania zilitoka mwaka 1966, benki ilipofunguliwa mwezi Juni: shilingi 5, 10, 20 na 100. Zote zina sura ya Mwalimu Nyerere akiwa bado kijana. Watu humwona rais. Mimi humwona pia mfasiri aliyemleta Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar ikatoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Na huyu ni mwandishi wa njia yetu hasa: alisoma shule ya serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937, na alipotoka Makerere alirudi Tabora kufundisha shule ya Mtakatifu Maria mpaka alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Mwenye kutaka kupanua anaweza kuongeza Kenyatta wa noti za Kenya, aliyeandika Facing Mount Kenya mwaka 1938, na Agostinho Neto wa Angola, aliyekuwa mshairi kabla ya kuwa rais. Hao wawili na Mwalimu mbele yao ni mkusanyo kamili wa mtu wa kipato cha kawaida. Ninachosikitikia ni kwamba Shaaban Robert, aliyetupa lugha tunayojivunia, hana noti. Sijaacha kutumaini.

Noti za mwaka 1966 zinafaa sana kumfundisha mtu kutazama. Chukua ile ya shilingi 10, ya kijani, yenye mkonge unaoanikwa nyuma. Inyanyue dhidi ya mwanga wa dirisha uone kichwa cha twiga ndani ya karatasi. Pitisha ukucha taratibu kwenye maandishi, usikie wino ulivyoinuka. Kisha soma saini. Za mwanzo zimetiwa saini na Amir Jamal, Waziri wa Fedha, na Edwin Mtei, Gavana wa kwanza. Mawaziri walibadilika, saini zikabadilika, lakini picha ikabaki ileile, na mtu asiyetazama husema noti zote ni moja. Mtei mwenyewe baadaye akawa Waziri wa Fedha, kati ya 1977 na 1979, kwa hiyo unapokutana na noti za toleo la 1978 usiridhike na kuliona jina lake. Angalia limekaa upande wa nani. Vitu vidogo kama hivyo ndivyo vinavyotofautisha noti ya kawaida na noti ya kutafutwa.

Sasa nikueleze kwa ufupi utakachokutana nacho huku, kuanzia cha chini kabisa ardhini. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika Tabora ikagawanyika, moja ikaenda Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Nyanza. Mpagazi wa Kinyamwezi alilipwa zaidi kwa merikani, shanga na waya za shaba kuliko kwa fedha, ndiyo maana sarafu za enzi hizo ni chache kuliko shanga. Ukipata reale kubwa ya fedha yenye mwanamke na mwaka 1780, usiruke. Hiyo ni ya Maria Theresa, na ilipigwa upya mara nyingi mno, ikiwa na mwaka uleule, hadi karne ya 20. Mwaka ulioandikwa si umri wake. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash utaijua kwa mizani iliyochorwa na mwaka 1299 kwa tarakimu za Kiarabu, yaani 1882. Baada yake kuna pesa ya kampuni ya Wajerumani, tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, ya 1890 hadi 1892. Watu wengi huitupa wakidhani ni ya Unguja. Zilikuwa 64 kwa rupia moja, mpaka hesabu ya hela 100 ilipoletwa mwaka 1904.

Noti za Mjerumani ndizo zinazonigusa kuliko zote. Zile za mwaka 1905 zilichapwa Ujerumani, nzuri, rupia 5 ikiwa na simba. Lakini vita vilipofunga bahari, benki ikachapa noti za muda hapahapa, kuanzia mwaka 1915, zikiandikwa Daressalam na Tabora, kwa mashine zilizokuwepo na karatasi iliyopatikana. Karatasi nzuri ikaisha, ikaja ya jalada, ikaja mbovu zaidi. Kila moja ilitiwa saini kwa mkono. Mwaka 1917, jeshi likiwa linarudi nyuma porini upande wa kusini, zikagongwa noti kwa mihuri ya mpira, herufi kwa herufi. Wakusanyaji huziita noti za porini. Nimewahi kushika moja ya rupia 1, karatasi ya kahawia isiyo na hadhi ya kufungia njugu, herufi zimepinda, na nikafikiria mtu aliyekuwa akizigonga jioni huku mizinga inasikika. Rupia 1 za 1915 na 1916 bado zinapatikana kwa bei ambayo mwalimu anaweza kuimudu akijinyima. Za porini si za kuanzia nazo, kwa kuwa ni rahisi kughushi kuliko zote: mhuri wa mpira hata mwanafunzi anauchonga.

Kisha zikaja shilingi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwishoni mwa 1919, ikatoa florini mwaka 1920, na mwaka uliofuata ikaigeuza kuwa shilingi mbili. Shilingi zile zenye simba na milima nyuma yake, kuanzia 1921 hadi 1946, zina robo ya fedha ndani yake; za kuanzia 1948 hazina hata chembe. Senti zenye tundu zimejaa kila nyumba, ndururu na peni, na kina mama wengine wamezitunga uzi. Kati ya hizo tafuta zilizoandikwa mwaka 1936 zenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alikaa mwaka huo mmoja pasipo kutimia, akaacha kiti Desemba kabla ya kutawazwa. Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuingia sokoni, lakini zetu za tundu hazikuhitaji sura, zikapigwa na jina lake zikaenda Tabora, Mwanza na Bukoba. Ni historia ya dunia unayoweza kuipata kwa bei ya soda.

Nakuja kwenye utunzaji, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana vingi vizuri vimekufa mikononi mwa watu wenye nia njema.

Usisafishe. Sarafu usiipake ndimu, majivu, dawa ya meno wala dawa ya kung'arishia vyombo. Ikiwa na udongo, iloweke kwenye maji safi, ya mvua yakiwepo, usiku mzima, uiache ikauke juu ya kitambaa cha pamba bila kusugua. Tope lisipotoka, liache. Noti usiioshe, usiipige pasi. Pasi huondoa mkunjo machoni lakini huua nyuzi za karatasi, na mjuzi anajua kwa kuigusa tu, maana noti iliyopigwa pasi hulegea kama kitambaa. Selotepu ndiyo adui mkubwa. Baada ya miaka michache gundi huingia kwenye karatasi, ikageuka rangi ya asali, na hakuna wa kuitoa. Noti iliyochanika iache ilivyochanika. Stepla na pini pia, kutu hula matundu.

Noti za huku kwetu nyingi zina mikunjo minne, kwa sababu zilikaa kwenye kibindo na kwenye pindo za khanga. Usizidharau. Noti ambayo haijawahi kukunjwa itakuwa na bei mara kumi au zaidi ya iliyokunjwa, hiyo ndiyo kanuni ya soko, na ukinunua kwa ajili ya kuuza baadaye lazima uijue. Lakini mkunjo wa kibindo ni ushahidi wa safari, na mimi sioni aibu kuwa nayo. Ninachokataa ni noti iliyooza, iliyochorwa kalamu au iliyokatwa kingo ili ionekane mpya. Pima kwa rula. Noti iliyopunguzwa milimita mbili imedanganywa.

Huku tuna mchwa, mende, vumbi la kiangazi na unyevu wa masika. Noti zikae zimenyooka, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki ngumu ya poliesta, ile isiyonuka. Plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni ina kemikali itakayozifanya zinate na kugeuka kijani. Albamu za picha zenye gundi hazifai. Kuzipata plastiki nzuri Tabora mjini ni kazi, basi kwa kuanzia tumia karatasi nyeupe safi ya kuandikia, ukunje bahasha mwenyewe, usiitie gundi. Ziweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Omba kwa wauza viatu mnadani, wao huvitupa. Kopo lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta wa tope. Liweke juu ya rafu, mbali na jiko, na ulifungue mara moja kila mwezi upate kunusa. Ukisikia harufu ya ukungu, toa kila kitu kivulini siku nzima.

Halafu daftari. Hili ndilo ningependa ulichukue hata ukisahau mengine yote. Mzee mmoja jirani yangu alinifungulia kopo la maziwa ya watoto lililokuwa chini ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na noti mbili za shilingi 100 za Mwalimu, nyekundu, zile zenye Mmasai na mifugo nyuma, zimefungwa kwenye karatasi iliyokunjwa kunjwa. Mwanawe akachukua noti, akataka kutupa karatasi. Nikamshika mkono. Ilikuwa stakabadhi ya ushirika ya kuuza pamba: jina la baba, kilo, kiasi kilicholipwa, tarehe. Kwa hiyo tulijua noti zile zilitoka wapi, siku gani, kwa jasho la nani, na mzee akatueleza mwenyewe kwa nini hakuzitumia. Alikuwa amemwekea mkewe aliyekuwa mjamzito, ajali ikitokea apande lori la hospitali Nzega. Mtoto alizaliwa salama nyumbani. Noti zikabaki. Bila karatasi na bila maneno yale, noti hizo ni sawa na mamia mengine kwenye maduka ya Unguja.

Kwa hiyo kila kinachoingia kwenye kopo lako kipewe namba, na daftarini uandike: kimetoka kwa nani, lini, mahali gani, ulilipa kiasi gani, na mwenyewe alisema nini, kwa maneno yake, hata kama amesema kwa Kinyamwezi. Andika kwa penseli, wino huvuja. Usiandike kitu juu ya noti. Na kama mwenyewe hataki jina lake liandikwe, heshimu.

Unapokwenda kwa wazee, nenda kama mgeni, si kama dalali. Toa salamu kwanza, mwangaluka, kaa, kunywa maji. Sema wazi unachotafuta na kwamba utalipa. Ukijua kwamba kitu ni cha thamani na mwenyewe hajui, mwambie. Nimeona watu wakimpa mjane buku mbili kwa rupia ya fedha, wakaondoka wanacheka. Fedha yenyewe iliyomo, gramu 10 na ushee, ilikuwa na thamani kubwa kuliko hiyo kwa sonara yeyote. Rupia ile mjane angeuzia mabati. Na mwenye nyumba akikataa kuuza, omba uipige picha na uandike habari yake. Mkusanyo si lazima uwe wa kumiliki kila kitu.

Upande wa pili wa udanganyifu nao unaujua. Kila baada ya muda anapita mtu na gari kuukuu, anasema anatafuta rupia ya Mjerumani inayovuta sindano, au inayozima redio, na kwamba kuna tajiri Dar es Salaam anayelipa mamilioni. Anakuomba "pesa ya kupimia" au ya mafuta. Hakuna rupia ya namna hiyo. Rupia ya kweli ni fedha, na fedha haivutani na chuma. Chukua sumaku kutoka spika mbovu ya redio, iguse sarafu: ikinata, ni chuma kilichopakwa rangi, mrudishie mwenyewe. Kisha ipime kwenye mizani ya sonara. Rupia ya Mjerumani ni gramu 11.66, uzito uleule wa rupia ya India. Reale ya Maria Theresa ni gramu 28 na kidogo. Tembo wa dhahabu wa Tabora ni gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake tu ndiyo dhahabu safi. Huyo tembo ameghushiwa mno, kwa sababu wa kweli hufika maelfu ya dola kwenye minada ya Ulaya. Ukiletewa tembo kwa bei ya baiskeli, ama ni wa bandia ama ameibwa, na vyote viwili visiingie kwako.

Wala usikubali kuchimba. Maneno ya hazina ya Mjerumani yamewafanya vijana kutoboa sakafu za majengo ya kale na kuvuruga makaburi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba maeneo ya kale bila leseni, na mbali na sheria, ukishaing'oa sarafu ardhini bila kujua ilikaa na nini, umezichana kurasa zote zilizoizunguka. Ukiikuta shambani ukilima, ichukue, weka kijiti pale, andika, na uulizie makumbusho. Kwihara, kwenye tembe aliyokaa Livingstone, si mbali na Tabora mjini. Nenda ukatazame jinsi vitu vya njia ile vinavyotunzwa kabla hujaanza kununua vyako.

Kwa bei, jifunze kwa katalogi. Wakusanyaji wa noti dunia nzima hutumia namba za Pick, kwa jina la Mjerumani Albert Pick aliyeziorodhesha. Shilingi 5 ya Mwalimu ya 1966 ndiyo namba 1 ya Tanzania, shilingi 10 namba 2. Ukiwa na namba hiyo kwenye simu unaweza kutazama minada iliyopita, ukaona kitu kimeuzwa kwa kiasi gani hasa. Usitazame bei wanazoomba wauzaji. Kuomba ni bure.

Mwisho kuna jambo la juzi. Benki Kuu ilitangaza kuziondoa noti za 1985 hadi 2003, pamoja na shilingi 500 ya karatasi ya 2010, na ikatoa muda wa kubadilisha kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Siku zile watu walipanga foleni benki. Waliochelewa sasa wanazo makoponi, na nimesikia wakizichoma kwa hasira. Kuna za Rais Mwinyi humo, na ile shilingi 500 yenye nyati ambayo watoto wangu walienda nayo dukani. Ni karatasi zilizokuwa pesa jana, kama faranga ya yule fundi pikipiki, na sasa ndio wakati wa kuzipata zikiwa bado safi, kwa shukrani tu ya mwenyewe au kilo ya sukari.

Yule kijana amekwisha kuanza. Jumamosi iliyopita alikuja na daftari la mistari, ameandika namba 1 juu ya ukurasa wa kwanza. Nilidhani ni Saint-Exupéry. Ilikuwa noti ya shilingi 20 iliyochakaa, na chini yake, kwa penseli: "Kwa mama, Puge. Alipewa na baba siku ya mahari yao. Amesema hakuitumia kwa sababu ndiyo iliyobaki." Nikampa mfuko mmoja wa poliesta kati ya yangu.